Je, Wajua? Soya, Mkaidi wa Chupani

Je, wajua kwamba mtu aliyewafikishia wakulima wa Ulaya ya kati mbegu za soya, na mtu wa kwanza kuwaza kwamba seli moja ya mmea inaweza kulelewa chupani mpaka iwe mmea mzima, walikuwa baba na mwanawe wa kumzaa?

Baba ni Friedrich Haberlandt, profesa wa kilimo mjini Vienna. Mwaka 1873 mji huo ulifanya maonyesho ya dunia, na humo profesa akapata punje za soya kutoka Japani na China, za rangi na ukubwa mbalimbali. Akazipanda. Zilipozaa akawagawia wakulima wa pembe nyingi za Austria na Hungaria wazijaribu na kumrudishia habari. Mwaka 1878 alitoa kitabu kizima juu ya zao hilo, na mwaka huohuo akafariki.

Mwana ni Gottlieb. Wakati wa maonyesho alikuwa hajatimiza miaka 19, na njia aliyoichukua ni ya hadubini. Ule mpangilio wa seli zinazoizunguka mishipa ya jani la muhindi au la muwa kama shada, ambao wanafunzi wa biolojia huukariri kwa neno la Kijerumani, Kranz, ni yeye aliyeupa jina. Mwaka 1902 aliandika jambo ambalo halikuwa na ushahidi bado: kwamba kila seli ya mmea imebeba uwezo wa kuujenga mmea wote, na kwamba ukiitoa, ukaiweka kwenye maji yenye chakula chake, siku moja itafanya hivyo. Alijaribu mwenyewe. Seli zake ziliishi kwa wiki kadhaa, zikanenepa, zikajitengenezea wanga. Hakuna hata moja iliyogawanyika.

Mwaka huohuo wa 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na ni Amani hiyo, mwaka 1907, inayotajwa kuwa mahali soya ilipoingilia katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Tarehe hizi hazina undugu wowote. Nimependa tu kuziona zimekaa jirani.

Mkojo, manii na dafu

Gottlieb alikuwa amechagua seli zilizokwisha kukomaa, za majani, tena bila kujua kwamba seli ya mmea haigawanyiki mpaka iamriwe. Waamrishaji ni homoni, na wakati huo hakuna aliyekuwa ameitia mkononi hata moja. Mwaka 1913 yeye mwenyewe alikaribia: aliona majimaji ya mishipa ya kiazi yakizifanya seli zigawanyike, akahisi kuna kitu ndani yake, lakini hakukishika.

Namna homoni hizo zilivyokuja kupatikana ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote katika sayansi hii, maana wataalamu hawakuacha kuchokonoa popote. Ya kwanza, oksini, ile inayorefusha seli na kuotesha mizizi, wanakemia wa Utrecht, Uholanzi, waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye mkojo wa binadamu.

Ya pili ilichelewa mpaka 1955. Katika maabara ya Folke Skoog, Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Carlos Miller alikuwa akijaribu hiki na kile ili kuzichochea seli za tumbaku. Akafikia chupa ya zamani ya DNA iliyotokana na manii ya heringi, samaki aliye jamaa wa dagaa wa baharini. Seli zikagawanyika kwa fujo. Wakaagiza chupa mpya ya DNA ileile, haikufanya kitu. Kumbe siri ilikuwa uzee: ile ya zamani ilikwisha kuvunjikavunjika. Walipoichemsha ile mpya kwenye mtungi wa presha, nayo ikavunjika, ikafanya kazi kama ya kwanza. Kilichotoka humo wakakiita kinetini, na kundi lake lote sasa huitwa saitokinini.

Miaka miwili baadaye Skoog na Miller wakaandika kanuni ambayo mpaka leo ndiyo mezani pa kila mkuzaji wa tishu. Oksini ikizidi, donge la seli hutoa mizizi. Saitokinini ikizidi, huchipua. Zikilingana, hubaki donge. Ni kama mchuzi: viungo ni vilevile, kinachobadilisha sahani ni kipimo.

Na dafu? Kabla ya kinetini kupatikana, na hata baada yake, watafiti walikuwa wakizinywesha seli zao maji ya dafu. Johannes van Overbeek na wenzake waliyatumia mwaka 1941 kulea viinitete vichanga vya mmea wa datura, na mwaka 1958 F. C. Steward, wa Chuo Kikuu cha Cornell, alizipa maji hayo seli za karoti zikageuka miche ya karoti. Ndoto ya 1902 ikawa imetimia, ingawa mwotaji alikwisha kufariki mwaka 1945. Hakuna uchawi hapo: maji ya dafu ni chakula ambacho mnazi humwekea mtoto wake ndani ya kifuu, na yamejaa sukari na homoni anazozihitaji ili akue.

Katika maandishi yao ya Kiingereza waliyaita maziwa ya nazi. Mtu wa pwani akisoma hapo atashangaa kidogo, akidhani karoti zilitiwa tui. Lugha inayotenganisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi ingewaondolea wasomaji utata huo.

Soya kama mwonjaji

Kabla haijakubali kuwa mmea, soya ya chupani ilipata kazi ya ajabu: kuonja. Donge la seli linalotokana na mapande mawili ya punje ya soya lina tabia moja ya kufaa sana: lisipopewa saitokinini halikui, likipewa linanenepa kwa kadiri ya lilichopewa. Kwa hiyo miaka ya 1960 mtafiti aliyetaka kujua kama majimaji ya mmea fulani yana homoni hiyo aliyachanganya na chakula cha donge la soya, akangoja wiki chache, kisha akalipima kwenye mizani. Donge zito, homoni ipo. Aliyeianzisha njia hiyo ni Carlos Miller yuleyule wa manii ya heringi.

Na chakula chenyewe? Maabara nyingi duniani hutumia mchanganyiko uitwao B5. Ulibuniwa Saskatoon, kwenye mbuga za baridi za Kanada, na Oluf Gamborg na wenzake, ukachapishwa mwaka 1968, na seli walizokuwa wakizitafutia riziki zilikuwa za mizizi ya soya. Mchanganyiko mwingine maarufu, MS wa Murashige na Skoog wa 1962, ulitungwa kwa ajili ya tumbaku, na una amonia takribani mara kumi ya ile ya B5. Tumbaku huishangilia, seli za soya zilionyesha kwamba kwazo imezidi. Mkulima aliyewahi kuona miche ikiungua kwa mbolea iliyowekwa karibu mno na shina hahitaji maelezo zaidi.

Mbali na madini kuna vitamini, na kuna sukari ya kawaida, gramu 20 hadi 30 kwa lita. Kwa kikombe cha robo lita ni kama vijiko viwili vidogo, chai ya mtu wa kawaida. Mche wa chupani una majani ya kijani na taa za kumulika saa 16 kwa siku, lakini hautegemei majani yake kwa chakula, unakunywa chai. Kinachoushikilia usizame ni agari, rojo linalotokana na mwani mwekundu. Wakulima wa mwani wa Zanzibar wasije wakadai mrabaha, kwani mwani wanaoulima hutoa rojo la aina nyingine, karajinani, linalokwenda zaidi kwenye vyakula na dawa ya meno.

Chai hiyo, lakini, ni karamu kwa kuvu na bakteria pia. Ndiyo maana kila kitu hupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 kabla ya kuguswa. Sufuria ya presha ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo, na maabara ndogo nyingi huitumia bila kuona haya.

Klorini usiku kucha

Vyombo hupikwa, lakini punje ya soya huwezi kuipika. Ukiiloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo, hunywa maji, ganda hupasuka, na dawa huingia ndani ikaudhuru uhai wenyewe. Wataalamu wakaona bora waifukize. Punje huwekwa kwenye visahani vilivyo wazi, ndani ya chombo kinachozibwa kabisa, pamoja na bilauri ya dawa ya klorini iliyotiwa asidi, ndani ya kabati la kufyonza hewa, nazo hulala humo usiku kucha kwenye gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kuulia askari karibu na mji wa Ypres mwaka 1915. Asubuhi punje ni safi, hai, na kavu.

Hapa nitoke kidogo kwenye maabara. Wapo wanaochanganya jiki na dawa kali ya choo wakiamini usafi utaongezeka maradufu. Kinachoongezeka ni gesi ileile, chooni, mlango umefungwa. Tafadhali usichanganye.

Mkaidi

Fukia punje ya soya kwenye udongo wenye unyevu pale Songea au Njombe, na ndani ya siku tano hivi itakuwa imeinua kichwa. Ni zao rahisi sana kuotesha. Ichukue soya hiyohiyo uipeleke maabara, na utaambiwa ni miongoni mwa mimea inayojulikana kwa ukaidi. Tumbaku na karoti zilikubali mapema. Soya, tangu miaka ya 1960, seli zake zilikula, zikagawanyika, zikajaza chupa, zikakataa kuwa kitu chochote isipokuwa donge. Ni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo watafiti walipopata njia za kuaminika kidogo, na njia zenyewe ni mbili.

Ya kwanza inamwendea kwa upole. Punje ikishaota siku chache, hukatwa mahali pale ambapo mapande yake mawili yanaungana na kijishina, pale kwapani, mahali ambapo hata shambani chipukizi hutoka mbuzi akila kilele. Sehemu hiyo tayari ina nia ya kuchipua, na saitokinini humalizia kuishawishi. Kisu kikipita, jeraha huanza kugeuka la kahawia, kama ndizi mbichi iliyomenywa ikaachwa, na jeraha lililogeuka kahawia hufa. Mama anayemenya ndizi huzitumbukiza kwenye maji ya limau. Watafiti, kuanzia mwaka 2001, walitia kwenye chakula cha soya kampaundi zenye salfa, kama sisteini, na mafanikio yakapanda vizuri. Sababu ya msingi ni moja jikoni na maabara: kuzuia hewa isilichome jeraha.

Njia ya pili ndiyo ya kushangaza. Wanachukua ganda bichi la soya, wanatoa punje changa ya milimita 3 hadi 5 hivi, wanayaweka mapande yake kwenye chakula chenye miligramu 40 kwa lita za kemikali iitwayo 2,4-D. Mkulima anaijua: ni dawa ya magugu. Huua mimea ya majani mapana na kuacha nafaka, ndiyo maana hupulizwa kwenye mahindi na ngano. Wakati wa Vita vya Vietnam ilikuwa nusu ya ile dawa ya kupukutishia misitu, Agent Orange. Soya ni ya majani mapana. Ukiipulizia shambani inajipinda na kufa. Lakini hapo kwenye kisahani kemikali hiyohiyo, ambayo kwa asili yake ni oksini ya kutengenezwa, inazifanya seli za juu ya pande zisahau kwamba zilikuwa ghala la chakula. Baada ya wiki tatu au nne zinavimba vijipele vya kijani, na kila kijipele ni kiinitete: mtoto wa mmea asiye na baba, asiye na ua, aliyetoka kwenye ngozi ya mbegu ambayo yenyewe ilikuwa bado haijakomaa.

Vijipele hivyo huzaa vijipele vingine juu ya migongo yao, na mchezo huo unaweza kuendelea kwa miezi, vikitikiswa taratibu kwenye maji. Ila usiunogewe. Ukiendelea zaidi ya mwaka hivi, miche inayotoka huanza kuwa tasa au ya sura ya ajabu, kwa kuwa seli zinazogawanyika mno chupani hujikusanyia makosa katika vinasaba vyake.

Kisha ukitaka kiinitete kiote, hutakipa maji zaidi. Unakinyima. Kinawekwa kwenye kisahani kikavu, kilichofungwa, siku tatu hadi tano, kisinyae. Soya ya shambani hukauka ndani ya ganda lake kabla ya kuwa mbegu, na bila kupitia ukame huo mdogo kiinitete cha chupani hakitambui kwamba utoto umekwisha. Kikirudishiwa maji, ndipo kinatoa mzizi.

Hata hivyo si kila soya itakubali. Kuna aina iitwayo Jack, iliyotoka Illinois, ambayo maabara nyingi huipenda kwa sababu moja tu, nayo ni utiifu wake kwenye njia hii ya viinitete. Nyingine yenye mavuno mazuri kuliko hiyo inaweza kukutazama miezi sita isikupe hata kijipele kimoja. Na walioifanya kazi hii watakwambia kwamba katika maabara moja, kwa chakula kimoja na mbegu za gunia moja, mkono wa mtu fulani hufanikiwa kuliko wa mwingine. Kama kupika pilau.

Taabu yote hiyo ya nini?

Swali zuri, na jibu lake linaitenga soya na mgomba. Mgomba wa ndizi za kula hauna mbegu. Ukichukua chipukizi la shamba la zamani, unachukua na minyoo, fukusi na magonjwa ya mama yake. Miche ya tishu, ambayo wakulima wa Kenya walianza kuifahamu miaka ya 1990, hutoka chupani safi. Hapo teknolojia inamnufaisha mkulima moja kwa moja. Soya ina mbegu, tena nyingi, tena rahisi. Hakuna anayeuza miche ya soya ya chupani, na mtu akija kukuuzia, mwombe radhi uende zako.

Kwa soya, chupa ni mlango tu. Ukitaka kuingiza au kuhariri jeni, lazima ufike kwenye seli moja na kisha uweze kuirudisha kuwa mmea. Mwaka 1988 njia mbili zilitangazwa. Kampuni ya Monsanto ilitumia bakteria wa udongo anayesababisha vivimbe kwenye mashina ya mimea, ambaye kwa desturi yake hupenyeza vinasaba vyake kwenye seli za mwenyeji. Kampuni ya Agracetus ya Wisconsin ilitumia bunduki. Sisemi kwa mafumbo: John Sanford na wenzake wa Cornell walikwisha kuonyesha, mwaka 1987, kwamba chembe za metali zilizopakwa vinasaba na kufyatuliwa kwa baruti hupenya seli za kitunguu bila kuziua zote. Agracetus wao walitumia mshtuko wa umeme badala ya baruti, na risasi zao zilikuwa vumbi la dhahabu.

Soya ya kwanza inayostahimili dawa ya magugu ya glaifosati iliyofika mashambani Marekani mwaka 1996 ilipitia mlango huo wa bunduki, na kizazi chake chote cha kwanza, mamilioni ya hekta, kilitokana na tukio moja la jeni kuingia, katika soya ya aina moja. Leo zaidi ya nusu ya eneo la soya duniani hupandwa mbegu zilizobadilishwa jeni. Mwaka 2019 Marekani pia yalianza kuuzwa mafuta ya soya iliyohaririwa jeni zake yenyewe ili mafuta yastahimili kikaango. Msimamo wako juu ya mambo haya ni wako. Ninachosema mimi ni kwamba bila wale waliokaa miaka 20 wakibembeleza madonge, mabishano yenyewe yasingekuwapo.

Turudi kwa akina Haberlandt

Babu alisambaza soya, baba akawaza seli chupani na kuhisi homoni za mimea. Mjukuu je? Ludwig Haberlandt, mwana wa Gottlieb, alikuwa mwanafiziolojia mjini Innsbruck. Mwaka 1921 alieleza jinsi alivyozuia sungura wasishike mimba kwa kuwapandikizia ovari za sungura wenye mimba, na akasema wazi kwamba homoni zingeweza kutumiwa na wanawake kupanga uzazi. Wengi humhesabu kuwa babu wa vidonge vya majira.

Na homoni hizo zingepatikana wapi kwa bei nafuu? Percy Julian, mwanakemia Mweusi wa Marekani, mjukuu wa watumwa, aliyekwenda kupata udaktari wake Vienna mwaka 1931, alikuwa akifanya kazi Chicago katika kampuni ya Glidden pale maji yalipovuja na kuingia kwenye tangi la mafuta. Chini kukajikusanya kitu cheupe kigumu. Mwingine angefokea mafundi; Julian akakitambua, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1940 akawa anatengenezea humo projesteroni kwa wingi. Mafuta yale yalikuwa ya soya.

Siku ya kutoka

Hatari kubwa ya mwisho kwa mche wa soya ni hewa ya kawaida. Chupani unyevu haukupungua hata siku moja, kwa hiyo majani yake hayakujishughulisha kutengeneza nta ya kutosha, na vinyweleo vyake vya kupumulia havijajifunza kujifunga. Ukiutoa ghafla, unanyauka kabla ya chai ya saa nne. Basi huoshwa rojo lote mizizini, kwa sababu sukari iliyobaki huita kuvu, ukapandwa kwenye kikopo cha udongo uliochemshwa, ukafunikwa mfuko wa plastiki. Siku ya kwanza mfuko unabanwa. Kesho yake unatobolewa tundu. Keshokutwa matundu mawili, kisha pembe moja inakunjuliwa, mpaka baada ya wiki moja au mbili mfuko uondolewe.

Tangu punje ilipokatwa imepita miezi mitatu, minne, pengine tisa. Mche unatoa maua madogo ya zambarau au meupe, unajichavusha wenyewe kama soya zote, na kufunga maganda yenye manyoya, punje mbili tatu kila moja. Zikikauka, mtafiti huzipukuchua, huziandikia namba kwenye bahasha, halafu huzifukia kwenye udongo kwa kidole. Hazihitaji dafu, wala oksini, wala dhahabu. Siku ya tano zinachomoza.